Unga Mweupe Ndani ya Kombe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wenzangu wodini wanalijua hilo, na wanafunzi wanalijua zaidi, maana ndio ninaowafokea. Nikikuta bomba la sindano limevutwa dawa na halikuandikwa jina la dawa, naimwaga mbele ya aliyeivuta na kumwambia aanze upya. Nikikuta dawa ya kuzuia damu imeachwa nje ya friji, jengo zima litanisikia. Kwa hiyo haya ninayoyaandika yasomwe kama maneno ya mkunga aliyewapigia wenzake kelele kwa miaka kumi na sita, kwa makosa madogo kuliko lake.

Hasira hizo si za mama yangu, ambaye alikuwa mpole hata kwa paka wanaomwibia samaki. Nilizipata kwa mkunga aliyenifundisha kazi. Mtaani kwetu, Mji Mkongwe, watu wote walimwita Bibi Mkunga, nami nitamwita hivyo hivyo. Nyumba yake na yetu zinatazamana dirisha kwa dirisha, na uchochoro uliopo katikati ni mwembamba mno, kiasi kwamba mama alikuwa akimpokeza bakuli la mchuzi bila kushuka ngazi. Ni yeye aliyenipokea nilipozaliwa. Nilipoanza mafunzo ya ukunga nikamkuta ndiye mkuu wa wodi, na siku ya kwanza alijifanya hanijui kabisa.

Alikuwa na kanuni moja aliyotupigilia vichwani: soma mara tatu. Soma jina la dawa unapoitoa kabatini, lisome tena unapoitayarisha, lisome mara ya tatu kabla hujampa mgonjwa. Na kabla ya yote hayo, muulize mwenye tumbo lake: uzazi wa ngapi, uliopita ulikwendaje, umekula nini, umekunywa nini. "Ukiona unaitambua dawa kwa rangi ya boksi," alikuwa akituambia, "basi vua hiyo sare ukauze vitumbua." Tulikuwa tunacheka, lakini tulisoma mara tatu.

Na kanuni nyingine, ndogo, ambayo itabidi niitaje sasa. Kila pakiti ya dawa iliyokaribia mwisho wa muda wake, tuliizungushia tarehe duara kwa kalamu nyekundu, ili itumike mwanzo au itolewe. Wenzangu walizungusha duara moja. Mimi nilizungusha mbili, moja ndani ya nyingine, kwa kujionyesha tu, ili Bibi Mkunga ajue kuwa aliyeikagua ni mimi. Alinitania kwa hilo mpaka akastaafu. Tabia yenyewe ilibaki.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne, mvua za vuli zimeanza, wodi imejaa harufu ya nguo mbichi. Kiasi cha saa nne asubuhi aliingia mwanamke wa miaka ishirini na sita kutoka Mwanakwerekwe, kashikwa mkono na mama wa mumewe. Huo ulikuwa uzazi wake wa pili. Wa kwanza alipasuliwa, na kadi yake ya kliniki iliandikwa kwa herufi kubwa kuwa ana kovu kwenye mfuko wa uzazi. Mwenye kovu la namna hiyo anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, lakini awe chini ya macho ya daktari, na asipewe kitu cha kumwongezea uchungu ovyo. Kovu ni kama mshono wa nguo ya zamani. Ukiuvuta kwa nguvu, pale ndipo inapochanika.

Nilipomwekea mkono tumboni nilijua kuna jambo. Uchungu wa kawaida huja ukaondoka, mama akapata nafasi ya kuvuta pumzi na hata kuuliza saa ngapi. Wa huyu haukuondoka. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao na likabaki gumu. Nikasikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa ukienda, ukizembea, ukikumbuka, ukienda tena. Nikamtuma mwanafunzi akamwite daktari wa zamu mbio.

"Umekunywa nini leo?" nikamuuliza mwenyewe.

Alijibu mkwewe. "Hajanywa kitu, mwanangu. Kombe tu. Alikunywa alfajiri, na nimempa tena funda moja hapo nje."

Kombe silo jambo geni kwetu. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa marashi mawaridi, na maji yale akanywa mgonjwa au mja mzito, kwa dua na kwa matumaini. Mimi mwenyewe nimelinywa kwa mimba zangu zote tatu. Sijawahi kumnyang'anya mtu kombe lake wodini, na mwanafunzi akilicheka anakiona cha moto kwangu. Kwa hiyo nilipoiomba chupa niliiomba kwa adabu, nikiwa sitazamii kitu ndani yake isipokuwa maji ya manjano.

Ilikuwa chupa ya marashi, imebaki robo. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa ya manjano, kama yanavyotakiwa kuwa. Lakini chini, juu ya kitako cha chupa, kulikuwa na tabaka la unga mweupe.

Zafarani haiachi unga mweupe. Marashi hayaachi kitu. Nilimimina yale maji polepole kwenye kidishi cha chuma, na mwisho kabisa kikadondoka kipande kidogo, kimelainika upande mmoja, upande wa pili bado kina kona mbili zilizonyooka. Nilikijua bila kusoma popote. Ni vidonge vya pembe sita ambavyo sisi wodini tunaviita miso, vidonge vinavyoukaza mfuko wa uzazi. Mama aliyekwisha kuzaa akitokwa na damu, vinamwokoa. Mama mwenye kovu ambaye bado hajazaa, kwake ni mwiko.

Nilikiweka kidishi kwenye ukingo wa dirisha. Miaka yote ile nimeuliza watu wamekunywa nini, na wameniambia mizizi, majani, maji ya mdalasini, mafuta ya nyonyo. Hakuna siku niliyokuta dawa ya spitali imefichwa ndani ya maneno ya Mungu.

Daktari alipofika nikamwonyesha kidishi. Ni kijana, lakini hana maneno mengi. Alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, akasema, "Twende," na tukamkimbiza yule dada chumba cha upasuaji tukiwa tunasukuma kitanda wenyewe.

Nilikuwa ndani. Niliyoyaona nitayasema kwa ufupi. Kovu lilikuwa limeshaachia. Mtoto alitolewa amelegea, rangi ya majivu, akawekwa mikononi mwangu, nikampumulisha kwa mfuko na barakoa huku nikihesabu kwa sauti, na nilipofika mahali ambapo sikutaka kufika kwa hesabu ile, akakunja uso na kulia. Ni msichana. Nililia na mimi, sikuona haya. Nikadhani tumepona. Kisha nikageuka, nikaona daktari bado ameinama na matambara mekundu yanazidi kurundikana. Damu ilikataa kusimama. Ili mama abaki hai, ilibidi mfuko wa uzazi utolewe.

Miaka ishirini na sita. Yule mtoto wa kwanza ni mvulana wa miaka mitatu, na huyu ndiye wa mwisho, apende asipende.

Nilitoka pale nikiwa na hasira za kutafuta mtu wa kummeza. Nilishaamua kichwani kuwa ni duka fulani la dawa huko sokoni, kijana fulani anayeuza vidonge bila cheti cha daktari, asiyejua hata kuvitamka. Nilishamtungia maneno ya kumwambia. Mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, tasbihi mkononi. Nikamwambia mtoto yuko hai na mama yuko hai, na mengine daktari atakuja kumweleza. Kisha nikamuuliza kombe lile limetoka kwa nani.

"Kwa nani, kama si kwa Bibi Mkunga wenu!" akasema, kwa namna ya mtu anayeshangaa kuulizwa. "Kombe lake lina majibu, kila mtu anajua. Kwani wewe si wa mtaani kwake?"

Nilisema naam, mimi ni wa mtaani kwake. Nikaondoka, nikakaa chumba cha kubadilishia nguo, na pale ndipo nilipokumbuka.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu, Bibi Mkunga aliniita kutoka dirishani kwake. Watu bado wanamgongea mlango, alinambia, hawajui kama ameacha kazi. Mtu kajifungua nyumbani kabla gari haijafika, anatokwa na damu, na yeye kasimama mikono mitupu. Je, siwezi kumtafutia vidonge viwili vitatu vya miso, akae navyo kwa dharura? Ningemjibuje? Yule ndiye aliyenifunza kushika mtoto. Kumwambia mtu kama yule "hairuhusiwi" ningeona nimemtemea mate. Kabatini kulikuwa na pakiti iliyokaribia mwisho wa muda wake. Niliiondoa, nikaandika kwenye daftari kuwa imeharibika, na nikampelekea.

Mara ya pili aliniomba tena. Mara ya tatu hakuomba. Nilimpelekea mwenyewe, mwezi wa Ramadhani, pamoja na kaimati na sahani ya tambi, na aliniombea dua mpaka nikaona haya.

Nilikwenda kwake baada ya alasiri, na sare yangu ndani ya buibui. Ngazi zile nimezipanda tangu sijui kutembea vizuri, na siku ile nilisimama mara mbili katikati. Nilikuwa najiambia kuwa huenda mtu amelichezea kombe baada ya kutoka kwake. Nilikuwa najiambia vile kwa nguvu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huna rangi? Hujala?"

"Nshakula." Nilidanganya, tangu chai ya asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. "Bibi, leo tumempokea mtu kutoka Mwanakwerekwe, kaja na chupa yako."

Uso wake ukachangamka. "Keshajifungua?"

"Keshapasuliwa."

"Ah! Wamemkata tena!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Mkwewe alinambia wanaogopa kisu. Hamna subira nyinyi siku hizi, mnakimbilia kukata tu."

Alisema "tena". Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza kama alijua kuwa yule dada ana kovu.

"Alinambia mara ya kwanza walimkata," akasema, polepole kidogo. "Sikuuliza zaidi. Watu wanakuja kuchukua kombe, mwanangu, hawaji kliniki."

"Ndani ya chupa mlikuwa na miso."

Nilitaraji akatae. Wallahi nilitaraji anifukuze, aniite mwongo, anitoe mbio mpaka chini. Hakukataa. Alinyoosha kanga yake mapajani kama mtu aliyeulizwa kuhusu bei ya nazi.

"Kapande," akasema. "Kapande ka kidonge tu. Nnakikata kwa wembe, nnakabonyeza kwa kijiko, nnakatia. Kuliko punje ya mchele ni kadogo. Ni kulikumbusha tumbo kazi yake."

"Na kaka yako anajua?" Kaka yake, mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiye anayeandika aya, Bibi Mkunga kazi yake ilikuwa kuosha sahani na kujaza chupa.

"Kaka anaandika, anaondoka. Hajui kitu. Usimwingize."

"Tangu lini, Bibi?"

Alitazama dirishani, upande wa nyumba yetu. "Tangu waanze kusema kombe langu halina majibu," akasema. "Wanawake wa mtaani humu humu, niliowazalisha mimi. Walikuwa wananipita hapo chini wakenda kulichukua kwengine. Mimi mikono hii imetoa watoto wangapi? Leo nnapitwa mlangoni kwangu?"

"Na ulipolitia dawa?"

"Wakarudi."

Nilimuuliza ni wangapi. "Sikuandika," akasema. Yeye, aliyewahi kunirudisha kutoka nyumbani siku ya mvua kwa sababu nimesahau kuandika saa ya kumpa mtu panadoli.

Naona haya kusema kuwa hapo ndipo nilipofoka. Nilimfokea mtu aliyenizalisha. Nilimwambia kanuni zake zote, moja moja, soma mara tatu, uliza kabla hujagusa, usimpe mtu dawa asiyojua kuwa anapewa. Nilimwambia kuwa yule dada alidhani anakunywa aya. Majirani lazima walisikia, maana dirisha la kwetu lilifunguliwa. Bibi Mkunga alinisikiliza kichwa kimeinama, kisha akasimama, akaenda kabatini, na akarudi na kopo la biskuti. Nilidhani anataka kunipa vidonge nivichukue. Kumbe alitaka kujitetea.

"Hizi si dawa za uchochoroni," akasema, akilifungua. "Usinifanye mie mganga wa njiani. Dawa zangu za spitali, safi, nnazijua zilikotoka. Ni zako."

Alinipa pakiti mkononi. Ilibaki kidonge kimoja na nusu, ile nusu imekatwa kwa wembe sawasawa. Na pembeni, kwenye tarehe ya mwisho wa muda, kulikuwa na duara mbili nyekundu, moja ndani ya nyingine.

Tarehe yenyewe ilikuwa imepita kitambo. Hata hilo hakuliangalia, na mimi nilishamzungushia mara mbili.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Hasira zangu zote, zile za kumtafuta kijana wa duka la dawa, zikakosa pa kwenda. Kwa miaka miwili ya kumpelekea vidonge nilijihesabu miongoni mwa wakunga waangalifu kuliko wote kisiwani. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba dawa ikitoka kabatini bila mgonjwa wake, hujui itamkuta nani. Niliwaambia maneno hayo siku ile ile niliyotia pakiti mkobani, kaimati juu yake.

"Mfuko wa uzazi umetolewa, Bibi," nikasema. "Ana miaka ishirini na sita."

Alijifunika mdomo kwa kanga. Nilipomtazama nikaona mabega yanatikisika. Mwanamke yule nimemwona akipoteza wagonjwa, nimemwona akimzika mumewe, na sijawahi kumwona vile. Nilitaka kumshika na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja.

Alipopata sauti alisema kwa haraka, kama anayetoa maagizo ya wodi. "Sikiliza. Sema niliiba. Sema nilikuja kukutembelea kazini, ukanipa mgongo, nikatia mkono kabatini. Una watoto watatu wewe. Mie nshazeeka, watanifanya nini? Tena ukisema hivyo watakwamini, wewe hujawahi kuharibu kitu."

Nitasema kweli: nililipenda wazo lile. Nilishuka ngazi nalo. Lilikuwa limekamilika, halina tundu, na limetoka kwa mtu ambaye nimemtii maisha yangu yote. Nilichukua kopo, na aliniapia kuwa hakuna kombe jengine litakalotoka nyumbani mwake, na hilo alilitimiza. Kesho yake nilimkabidhi mkuu wangu wa kazi kidishi, chupa na kopo, nikamwambia kombe limetoka kwa nani. Akanipa fomu ya kuripoti madhara ya dawa. Niliijaza yote kwa mwandiko mzuri, isipokuwa mstari unaouliza dawa ilipatikana wapi. Mstari ule niliuacha mtupu, nikaikunja fomu, nikaitia mfukoni, na ikakaa mfukoni siku mbili.

Watu wataniuliza yaliyotokea kazini baadaye. Nilisimamishwa, nikahojiwa, nikarudishwa, na ufunguo wa kabati la dawa sijapewa tena. Ni haki. Bibi Mkunga aliandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe, kurasa nne, kila kitu na saa yake, na alikataa kusaidiwa hata kalamu. Lakini hayo yalifuata. Yaliyotangulia ni ya siku ya tatu.

Siku ya tatu yule dada alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni, mtoto kifuani. Daktari alishamweleza kuhusu mfuko wa uzazi. Alimwambia kuwa kovu lilichanika, na hakumweleza zaidi, kwa kuwa alikuwa anasubiri ripoti yangu. Mkwewe alikuwa ametoka kumfuatia uji. Nilikwenda kumpima presha, na nikitoka ningepita ofisini kuiacha ile fomu. Maneno ya kuandika kwenye ule mstari nilikuwa nayo tayari: iliibwa.

"Wewe ndiye uliyempumulisha mwanangu," akanambia. Alikuwa na sauti ndogo, bado imechoka. "Nimeambiwa. Mungu akulipe."

Nikasema amin, nikamfunga kile kitambaa cha kipimo mkononi.

"Nimelia sana kwa hilo jengine," akasema, "lakini nimeshukuru. Daktari kasema mtoto alikuwa keshachoka kabisa. Mie nnajua kilichomshika asiende. Ni lile kombe." Alimbusu mtoto kwenye utosi. "Ukimwona Bibi Mkunga nipe salamu zake, yaani mpe zangu. Mwambie nikipata nguvu ntakwenda mwenyewe kumbusu mkono."

Alicheka kidogo kwa kujikwaa kwake. Mimi nilikuwa nimeshika kile kipira cha kupulizia na nimesahau kukibonyeza. Ningeweza kusema "ntamfikishia". Maneno yalikuwa mepesi, yako pale mdomoni. Ndipo nikaona kuwa huyu mtu atakwenda kweli. Atapanda zile ngazi, ataubusu ule mkono, na atamwambia shoga yake mwenye mimba alichukue kombe hapo hapo, au popote pengine ambapo mtu mwema amefanya kama tulivyofanya sisi.

Nilivuta kiti, nikakaa. Nilimwambia ndani ya lile kombe mlikuwa na dawa. Nikamwambia ni dawa gani, na inafanya nini tumboni kwa mtu mwenye kovu. Nilimwambia polepole, kwa maneno mepesi, kama ninavyowafundisha wanafunzi waseme na wagonjwa. Alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni alipoanza kunisikiliza. Mkono ukaenda, ukazembea, ukasimama.

"Bibi Mkunga kaitia?" akauliza.

"Yeye."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, na nilijua swali linalokuja kabla halijafika, maana ndilo lile lile lililokuwa mfukoni mwangu.

"Yeye si keshastaafu?" akasema. "Dawa ya spitali kaipata wapi?"

Mlangoni mkwewe alikuwa anaingia na chupa ya uji, anavua viatu.

"Kwangu," nikasema. "Mimi ndiye niliyempa."

Yule dada alivua kile kitambaa cha kipimo mkononi mwake mwenyewe, akakiweka kitandani, kisha akamnyanyua mtoto kwa mikono miwili, kwa maumivu, maana mshono ulikuwa bado mbichi, na akamlaza upande wa pili, upande wa ukuta, ambako mkono wangu haufiki.